Nguruwe wanaozurura Uganda wafungiwe kwa sheria: ndiyo au hapana?

Mwanabombo: Mimi nasema ndiyo. Mdogo wangu alitoka uvimbe shingoni, kama punje ya haragwe, mgumu, hauumi, ukiubonyeza unateleza. Tukaambiwa ni TB ya tezi. Kameza dawa miezi miwili, uvimbe uko palepale. Walipoukata, maabara ikakuta kifuko cha maji, ndani mna lava, yaani mtoto, wa tegu, mnyoo wa nguruwe.

Mchomaji Wandegeya: Pole kwa mgonjwa, ila msituharibie riziki. Nyama yangu ya nguruwe inaiva mpaka mfupani. Ajiulize mwenyewe alikula wapi.

Mwanabombo: Sisi Wanubi, Waislamu. Hajawahi kuionja! Unamwita mwongo?

Mchomaji Wandegeya: Wapo wanaokula usiku, mchana wanakana. Sijamtaja mtu.

Mwanabombo: Umemtaja. Omba radhi.

Muuguzi wa Jinja: Ndugu zangu, nyama isiyoiva humpa mtu tegu tumboni. Uvimbe kama huu hutokana na kumeza mayai ya tegu, nayo hutoka kwenye kinyesi cha binadamu: mboga zisizooshwa, maji machafu, mikono ya mpishi. Lava hutoboa utumbo, hubebwa na damu mpaka kwenye msuli. Akifika kwenye ubongo, anaweza kuleta kifafa. Hata asiyekula nguruwe huupata: Mwanabombo anasema kweli. Ila niambie, alipigwa picha ya kichwa kabla ya kupewa dawa ya minyoo? Dawa hiyo inaweza kuchochea uvimbe kwenye ubongo.

Mzee wa Moyo: Kwetu Moyo, huko West Nile, tezi zikivimba kisogoni wazee walijua ni malale, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya huku si tena tatizo la afya ya umma Uganda. Tulitega mbung'o, tukapimwa damu kijiji kwa kijiji.

Msoga: Ya huko kwenu, mzee. Huku Busoga tuna malale ile kali, inayokaa kwa ng'ombe. Msitusahau.

Mchomaji Wandegeya: Kumbe mayai yanatoka kwa binadamu! Basi sheria ianze na vyoo, nguruwe wangu aachwe.

Muuguzi wa Jinja: Vyote viwili. Nguruwe anayezurura ndiye anayekula hicho kinyesi, kisha unamchoma wewe.

Mwanabombo: Picha ya kichwa hatukuambiwa, dada. Dawa ya minyoo hajaanza, kesho alfajiri nampeleka. Na wewe wa Wandegeya, bado hujaomba radhi.