Kundi la WhatsApp la wagonjwa wa kisukari: nijibu maswali ya tiba humo, au nilifunge?

Muuguzi wa Kliniki ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya kisukari. Miezi minane iliyopita nilifungua kundi la WhatsApp kwa ajili ya wagonjwa wetu, na nia yangu ilikuwa ndogo tu: kuwakumbusha tarehe za kliniki na kuwajulisha dawa zinapofika. Leo kundi lina watu 183, nalo limekuwa kitu kingine kabisa. Wanaulizana kuhusu chakula, wanaonyeshana picha za vidonda vya miguu, wanafarijiana mmoja wao anapokatwa kidole, na nimeshuhudia watu waliokwisha kukata tamaa wakirudi kliniki kwa sababu tu mwenzao aliuliza kwenye kundi, "Fulani yuko wapi siku hizi?"

Hata hivyo, yapo yanayoninyima usingizi. Wiki mbili zilizopita mgonjwa mmoja aliandika saa tisa usiku kwamba anatetemeka, jasho linamtoka, na kipimo cha sukari kimesoma 2.9. Hakuna aliyekuwa macho. Alinusurika kwa kuwa mkewe aliamka akamkorogea maji ya sukari, lakini mimi niliusoma ujumbe ule saa kumi na mbili asubuhi, na nadhani nilitetemeka kuliko yeye. Siku chache baadaye mwanachama mwingine alisambaza ujumbe wa sauti wa mtu asiyejulikana, anayedai kwamba majani fulani yanamaliza kisukari kwa siku 40, na nimesikia kwamba mzee mmoja wa kundini ameacha insulini kwa ajili hiyo. Juu ya yote, mama mmoja alinipigia simu akilia kwamba picha ya mguu wake, aliyoituma kwetu kwa imani, imeonekana kwenye simu ya jirani yake.

Mkuu wangu wa kazi anasema nilifunge kundi, yaishe. Nafsi inakataa. Wenye uzoefu, naomba mnisaidie: maswali ya tiba niyajibu humo au nisiyajibu? Na haya mengine niyashike vipi?

---

Daktari Mstaafu amejibu:

Pole sana, Sista. Nianze na ule ujumbe wa saa tisa usiku, kwa sababu hapo ndipo mtu angeweza kufa.

Mgonjwa yule hakukosea kuandika. Sisi tuliomfundisha kwamba muuguzi anapatikana kwenye simu ndio tulioacha pengo, kwa kuwa hatukumwambia ni saa ngapi anapatikana. Sukari inaposhuka chini ya 3.9 kwa kipimo cha milimoli (au 70 kwa wanaotumia kipimo cha miligramu), anayeweza kumeza anapaswa kula au kunywa kitu chenye takriban gramu 15 za sukari, asubiri dakika 15, apime tena, na arudie kama bado iko chini. Asiyeweza kumeza au aliyezimia hatiwi chochote mdomoni, anakimbizwa hospitalini. Maneno hayo yasiwe jibu linalosubiri muuguzi aamke. Yaandike leo, yabandike juu ya kundi yasishuke, uyasome pia kwa sauti kwa ajili ya wasiosoma vizuri, na hakikisha anayelala nyumba moja na mgonjwa ameyasikia, maana mtu ambaye sukari imeshuka huchanganyikiwa na anaweza asikumbuke hata alipoiweka simu yake. Katika maelezo ya kundi andika wazi kwamba kundi si huduma ya dharura, taja saa ambazo ujumbe husomwa, na uweke namba ya kupiga wakati wa dharura.

Kuhusu kujibu maswali ya tiba, msimamo wangu ni huu: elimu ni ya wote, kipimo cha dawa ni cha mtu mmoja. Ukieleza kundini jinsi ya kuhifadhi insulini au kukagua nyayo kila jioni, watu 183 wananufaika. Lakini ukimjibu mmoja, "Punguza yuniti mbili," jibu hilo linasomwa na wengine 182, na miongoni mwao yupo atakayelichukua kama lake kwa sababu dalili zake zinafanana. Hujui figo za nani zimechoka, wala nani ni mjamzito. Maswali ya namna hiyo yahamishie kwenye mazungumzo ya faragha au simu, kisha yaandike kwenye faili la mgonjwa kama ungefanya angekuja mwenyewe. Ushauri uliobaki kwenye simu ya muuguzi, daktari wa zamu inayofuata hatauona.

---

Miaka Kumi na Miwili na Sindano amejibu:

Mimi nina kisukari cha aina ya kwanza, na ninaandika kama mgonjwa. Tafadhali usilifunge. Kliniki inaniona dakika chache kila baada ya miezi kadhaa. Siku zilizobaki ninaishi na ugonjwa huu peke yangu. Mambo ambayo hayaandikwi kwenye kadi, kama vile kusafiri na insulini au kumweleza mchumba, nimeyajua kutoka kwa wagonjwa wenzangu mtandaoni.

Wahudumu wa afya wakati mwingine hudhani kwamba wagonjwa wakikutana mtandaoni watadanganyana tu. Ushahidi una pande mbili. Mwaka 2013 mzazi mmoja nchini Marekani, ambaye mtoto wake ana kisukari, alitafuta njia ya kusoma kwa mbali namba za kifaa kinachopima sukari ya mtoto mfululizo. Wazazi wengine wakaungana naye, na ukazaliwa mradi wa Nightscout, ambao programu yake hutolewa bure na kuendelezwa na familia zenyewe, huku makampuni ya vifaa yakiwa bado hayajaleta huduma hiyo.

Mfano wa pili nauona mzito zaidi. Mwaka 2008 utafiti mdogo kutoka Italia ulidai kwamba dawa ya lithiamu inachelewesha ALS, ugonjwa unaoua neva za misuli. Wagonjwa waliokuwa kwenye mtandao wa PatientsLikeMe hawakusubiri. Wengine walianza kuimeza kwa idhini ya madaktari wao na kuandika hali zao humo. Takwimu za 149 kati yao zililinganishwa na za wagonjwa waliofanana nao ambao hawakuitumia, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba lithiamu haikusaidia. Matumaini yao yalivunjika, lakini walioyavunja ni wao wenyewe, kwa kuandika ukweli. Ndiyo maana nasema kundi lako lisiwe mahali pa kusimulia mafanikio tu. Aliyekunywa majani yale akapima sukari akakuta imepanda hadi 22, naye apewe nafasi ya kusema bila kuchekwa.

Sasa huyo mzee aliyeacha insulini. Usianze kwa kumkemea kundini, nakuomba. Mtu haachi sindano kwa sababu ya sauti moja tu. Mara nyingi alikuwa anatafuta sababu ya kuacha, na sauti ile ikamkuta njiani. Mpigie umuulize sindano inamsumbua wapi.

---

Fundi Mifumo amejibu:

Mimi si mtu wa tiba. Nitazungumzia picha ya yule mama.

Watu husikia kwamba ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa siri tangu mwaka 2016, wakadhani hakuna anayeweza kuuona. Siri hiyo inalinda ujumbe ukiwa njiani tu. Ukishafika, uko kwenye simu 183, na kila mwenye simu anaweza kuupiga picha au kumpa mtoto wake simu achezee. Isitoshe, katika kundi la kawaida kila mwanachama huziona namba za wenzake, kwa hiyo kuwemo tu kwenye kundi lenye jina la ugonjwa kunatosha kumtangaza mtu. Kwa kisukari wengi huona si neno, ingawa kwa magonjwa yenye unyanyapaa hilo peke yake ni madhara. Mwaka 2018 ilibainika kwamba majina ya wanachama wa kundi la Facebook lililofungwa, la wanawake waliorithi hatari ya saratani ya matiti, yangeweza kuvunwa na watu wa nje, na aliyeligundua tatizo alikuwa mwanachama mwenyewe. Neno "kundi lililofungwa" liliwapa utulivu ambao mfumo haukuwa nao.

Ningekushauri utenganishe kazi mbili ulizozichanganya. Matangazo ya kliniki yapitie sehemu ambayo wewe peke yako unaandika. WhatsApp ina huduma ya Jumuiya, ambamo katika kundi la matangazo wanachama wa kawaida hawaoni namba za wenzao. Kundi la mazungumzo libaki kwa wanaolitaka, baada ya kuelezwa nani anaona nini na kukubali wenyewe, badala ya kuingizwa kwa sababu namba zao ziko kwenye daftari la kliniki. Picha za vidonda zitumwe kwako peke yako, kwenye simu ya kazi, zisijihifadhi zenyewe kwenye albamu yako ya familia. Unaweza pia kuweka ujumbe ujifute baada ya siku 7 au 90, ingawa hilo halimzuii aliyekwisha kuunakili.

Na huyo mama anastahili kuombwa radhi ana kwa ana, kabla ya kubadilisha mpangilio wowote.

---

Mfuatilia Milipuko amejibu:

Ninakubaliana na waliotangulia, ila nina jambo moja la upande wa afya ya jamii. Uvumi unaoingia kundini usiufute tu, uandike kwanza. Ukiona ndani ya mwezi watu wengi wameuliza jambo moja, hapo kliniki imeshindwa kueleza kitu. Kazi ya kusikiliza mtandao si mpya: orodha ya barua pepe ya ProMED, iliyoanza mwaka 1994, ilisambaza taarifa za homa ya mapafu isiyojulikana nchini China mwezi Februari 2003, ugonjwa uliokuja kuitwa SARS, na chanzo chake kilikuwa swali la mtu mmoja aliyesikia minong'ono mtandaoni.

Tahadhari yangu ni kwamba kundi lako si kliniki yako. Google ilianzisha mwaka 2008 mfumo wa kukadiria mafua kwa kuhesabu maneno ambayo watu wanayatafuta. Msimu wa 2012 hadi 2013 mfumo huo ulitoa makadirio yaliyokaribia mara mbili ya wagonjwa waliokwenda kwa madaktari, kwa kuwa mwenye hofu ya mafua naye hutafuta maneno yale yale. Kundini vilevile, anayeandika sana si lazima awe anayeumwa sana. Wasio na simu janja, wanaotumia simu ya mume au ya mtoto, wenye macho yaliyokwisha kuharibiwa na kisukari chenyewe, hao hawamo, na mara nyingi ndio walio katika hatari kubwa. Kwao ujumbe mfupi wa kawaida au simu ya kupiga bado inahitajika.

Kuhusu ile sauti ya majani, WhatsApp huweka alama ya mishale miwili kwenye ujumbe uliosambazwa mara nyingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kusambazwa kwa zaidi ya kundi au mtu mmoja kwa wakati. Wafundishe wanachama kuitambua alama hiyo. Utafiti wa Twitter uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa kuliko za kweli, na wasambazaji wakubwa walikuwa binadamu, si programu. Kwa hiyo usishindane kwa kuandika aya ndefu. Jibu lako nalo liwe sauti fupi inayoweza kusambazwa, ianze na ukweli, na isirudierudie jina la hayo majani.

---

Muuguzi wa Kliniki amerudi:

Nawashukuru nyote. Nimeomba radhi kwa yule mama nyumbani kwake. Amekubali kubaki kwenye matangazo, lakini mazungumzo hayataki tena, na sikumlaumu. Maelezo ya sukari kushuka nimeyabandika juu ya kundi, na mke wa yule wa saa tisa usiku ndiye aliyejitolea kuyasoma kwa sauti.

Mzee nilimpigia. Mwanzoni aliyasifu majani, kisha nilipomuuliza sindano inamsumbua wapi, akanyamaza kidogo, akasema tumbo lina manundu na sindano imekuwa kero tupu. Kumbe miaka yote anachoma sehemu ile ile, upande wa kulia wa kitovu. Kesho anakuja kliniki. Je, akikubali, ni sawa nikirekodi somo la kubadilisha sehemu za kuchoma kwa ajili ya kundi, bila kumtaja?

---

Daktari Mstaafu amejibu:

Ni sawa, na fanya hivyo, ila usitumie tumbo lake; tumia mchoro. Na akianza kuchoma mahali pasipo na manundu, insulini itanyonywa vizuri kuliko alivyozoea, hivyo dozi ile ile inaweza kumshusha sukari kupita kiasi. Aonane na daktari kabla hajarudia dozi yake ya zamani, na apime mara nyingi zaidi siku za mwanzo. Hilo nalo liseme kwenye rekodi, kwa sababu hatakuwa peke yake kundini mwenye manundu.