Naomba ushauri: jirani anachoma majani wakati wa marufuku ya moto
Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Mamlaka ya eneo letu imepiga marufuku kuchoma taka na majani nje hadi kiangazi kiishe, lakini jirani yangu, mzee ninayemheshimu sana, bado huwasha moto kila jioni karibu na uzio wa miti mikavu. Juzi, saa kadhaa baada ya yeye kuingia ndani, nilichokoa jivu lililoonekana limepoa nikakuta makaa mekundu chini yake, nikayamwagia maji, nikakoroga na kumwaga tena hadi mvuke ulipokwisha. Kwa kweli niliogopa. Je, nimweleze vipi bila kumvunjia heshima, au nitoe taarifa zimamoto moja kwa moja? Majani hayo yanaweza kuozeshwa yakawa mboji, nami niko tayari kumchimbia shimo.