"La question" ya Françoise Hardy: huo Ubrazili umekaa wapi hasa?

Gumba Zito
Wakuu, naombeni msaada, maana nimebishana na rafiki yangu hadi tumenuniana.

Ni ile albamu ya mwimbaji wa Kifaransa Françoise Hardy ya 1971, ambayo ilitoka na jina lake tu jaladani, watu wakaja kuiita La question kwa kuazima jina la wimbo wa pili. Mimi nasikia Brazili humo mwanzo hadi mwisho. Mwenzangu anasema naota. "Ngoma ziko wapi? Huyo ni Mfaransa mwenye huzuni na fidla nyuma yake, basi." Nikakosa jibu, kwa sababu kweli ukitafuta ngoma za samba humo utatoka mikono mitupu.

La pili: napiga gita kidogo. Wiki tatu nahangaika na nyimbo mbili za humo. Kodi (chords) nimezipata zote, lakini zikitoka kwangu zinakuwa kama wimbo wa skauti wamezunguka moto. Nakosea wapi?

Nyuzi za Nailoni
Mwambie rafiki yako ngoma zimo, ila zimehamia kwenye mkono wa kulia wa Tuca, yule Mbrazili anayepiga gita humo.

Mbrazili João Gilberto, mwimbaji na mpiga gita, alipotoa "Chega de saudade" mwaka 1958, alichofanya ni kuifinyanga bendi nzima ya samba ikaingia kwenye gita moja. Kidole gumba kinapiga besi kwa hatua sawasawa, kama surdo, lile goma kubwa. Cha shahada, cha kati na cha pete vinaichomoa kodi kwa pamoja, na mara nyingi vinaangukia katikati ya mapigo, kama ile ngoma ndogo ya tamborim. Tuca alitoka São Paulo, mkono wake umekulia humo. Katika albamu hii haupigi mtindo huo waziwazi kila mahali, mara nyingi anauvunja, anazimwaga nyuzi moja moja, lakini gumba halisahau kazi yake.

Ndiyo maana wewe unatoka skauti. Nina hakika unazikwangua nyuzi zote juu chini. Acha. Weka gita kando kabisa, piga meza: gumba peke yake, taratibu, mpaka uweze kuongea na mtu huku linaendelea. Ndipo uongeze vile vitatu. Na kama gita lako lina nyuzi za chuma, hapo pia tatizo lipo.

Mama Santuri
Nyuzi umesema vizuri, lakini mnamtaja Tuca kana kwamba alikuwa mpigaji wa kukodiwa. Mwanangu Gumba Zito, sehemu kubwa ya muziki humo ni utunzi wake! Huyo binti aliimba "Porta Estandarte" pamoja na Airto Moreira mwaka 1966, wakashinda tamasha la televisheni kwao. Alipokutana na Hardy jijini Paris, walikaa wakafanya mazoezi kwanza, jambo ambalo Hardy hakulizoea. Sauti na gita vikarekodiwa, besi kubwa ikashikwa na Guy Pedersen, fidla zikaja baadaye. Sikiliza kwa hedifoni: fidla zinaingia kwa kunyata, kama mgeni aliyekuta watu wamelala.

Wimbo wa mwisho, "Rêve", ni "A transa" ya mwimbaji wa Brazili Taiguara, Hardy akauandikia maneno ya Kifaransa. Na katika "Chanson d'O" karibu hakuna maneno kabisa, ni pumzi na o, o. Mimi hapo ndipo huwa nazima jiko nikae chini.

Albamu haikuuza. Tuca akafariki 1978, hajatimiza hata miaka 35. Hardy amekufa Juni 2024, ana miaka 80, na siku hizo kila mtu akawa anaisifia La question.

Kanda Mbili
Mimi nipo upande wa yule rafiki kidogo. Kama unataka Brazili ndani ya Kifaransa, nenda kwa Claude Nougaro: "Bidonville" ni "Berimbau" ya Wabrazili Baden Powell (mpiga gita, si yule wa skauti) na Vinicius de Moraes, hapo mwili unacheza wenyewe. Au Pierre Barouh na "Samba Saravah" katika ile filamu ya Claude Lelouch ya 1966. Mwimbaji Georges Moustaki naye alimchukua Jobim, mtunzi wa Brazili, "Águas de março" ikawa "Les eaux de mars". Hardy ni wa kulalia.

Nyuzi za Nailoni
Kanda, hao wote wameazima nyimbo. Hardy aliazima namna ya kupumua. Bossa nova, huo mtindo wa Gilberto, huimbwa karibu na kusema, na vokali za puani za Kireno zina binamu zake kwenye Kifaransa. Ile sauti yake ndogo, ambayo mwaka 1962 ilikuwa ikiimbia vijana wa kucheza twisti, hapa imepata nyumba.

Gumba Zito
Nimerudi. Siku nne nimepiga meza tu, nyumbani wamenichoka. Jana nikashika gita, gumba likaenda lenyewe kama nusu dakika, kisha nikalifikiria, likaanguka. Gita ni la chuma, Nyuzi, umenipata.

Rafiki yangu nimemtumia "Rêve" bila kumwambia ni nini. Kajibu: "Hii ya Kibrazili ni nzuri, nani anaimba?" Sijamjibu bado.