MREJESHO: Biti ya pili kukata kina tofauti na ya kwanza

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa waliochelewa: nikitoa biti (kisu cha kuchongea) ya mm 6 na kuweka ya mm 3, mashine yangu ya CNC, ya kuchonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta, ilizama mm 0.8 zaidi, ingawa programu iliagiza kina kilekile.

Asanteni sana wote. Aliyeniuliza "sifuri ya Z unaipataje?", yaani kimo cha uso wa ubao ambacho mashine huanzia kuhesabu kina, ndiye aliyegonga penyewe. Biti ya kwanza nilikuwa naiweka sifuri kwa karatasi (naishusha hadi ibane karatasi juu ya ubao), ya pili kwa kibati cha kupimia: biti inakigusa kikiwa juu ya ubao, kisha programu inatoa unene wake. Kwenye programu unene wa kibati umeandikwa mm 15. Nimekipima kwa kalipa, nikakuta ni mm 14.2, kwa hiyo sifuri ilikuwa inaangukia ndani ya ubao. Tofauti ndiyo ileile 0.8! Miezi miwili nailaumu mashine bure.

Nimesahihisha namba hiyo, na sasa kila biti naipima kwa kibati, sehemu ileile ya ubao ambayo haijachongwa.

Ushauri wa kusafisha koleti (kibanio kinachoshika biti) niliufuata pia. Ilijaa vumbi la mbao hadi aibu, lakini kina hakikubadilika. Kubadilisha injini ya Z, inayopandisha na kushusha biti, sikuthubutu, na nashukuru sikufanya hivyo.

Haijaisha kabisa, lakini. Upande wa kulia bado kuna ngazi (tofauti ya kina) ya kama mm 0.1 kati ya sehemu zilizochongwa na biti hizo mbili. Nahisi spindo, sehemu inayozungusha biti, imeinama kidogo, maana biti pana ndiyo inayoacha alama za mistari. Nikipata saa ya kupimia (kifaa chenye mshale cha kupima tofauti ndogo) nitaikagua.