Jumamosi moja na mama: Pangani au mapango ya Amboni?

MjukuuWaMuheza
Habari za jioni wandugu. Mama yangu anakuja Tanga wiki ijayo akitokea Iringa, na hajawahi kuona bahari. Ana miaka 68. Magoti yanamsumbua kwenye ngazi, lakini tambarare anatembea hata saa nzima mradi asiharakishwe. Nina Jumamosi moja tu. Nataka siku ya polepole: kutembea, kuangalia, kukaa kivulini, kula, na kurudi mjini kabla ya magharibi. Nimebaki na mawili, Amboni au Pangani. Mliofika kote nisaidieni kupima.

Kipepeo_TA
Mimi nasema Amboni. Ni karibu, kilomita 8 hivi kwa njia ya Horohoro, kwa hiyo mama hachoki garini. Mapango yale ni mwamba wa chokaa uliochongwa na maji kwa miaka isiyohesabika, na ukiwa na mtembezaji mwenye tochi na ulimi mzuri utasikia habari za Osale Otango aliyejificha humo miaka ya 1950, na utaona mahali watu wanapoacha sadaka za mizimu hadi leo. Mimi nimekwenda mara nne na kila mara natoka na jambo jipya.

Ila kwa magoti ya mama lazima nikuambie ukweli: mle ndani kuna mahali unainama sana, na vipenyo vingine ni vya kutambaa. Chini kunateleza. Anaweza kubaki nje kwenye miti huku wewe unaingia, lakini sasa siku si yake tena, ni yako.

BiMwera
Kipepeo umejijibu mwenyewe. Mpeleke mama Pangani.

Mimi nimezaliwa ng'ambo ya pili ya mto Pangani, basi nisamehewe nikiongea sana. Pangani ni kama kilomita 50 kutoka Tanga, na mji wenyewe unatembeleka wote kwa miguu. Ondokeni Tanga mapema, saa mbili unusu muwe mmeshafika, jua halijawa kali. Anzieni pale mtoni, ngalawa zinapoingia na samaki. Mama akae tu aangalie. Yale maji ya rangi ya udongo yametoka Kilimanjaro na Meru, yamepita bwawa la Nyumba ya Mungu, yamezungusha mitambo ya umeme Hale, ndipo yanafika hapo kukutana na chumvi. Kwa mtu wa nyanda za juu hilo litamgusa, kwa sababu mito anaijua. Ataona tu inapoishia.

Halafu pandeni taratibu Mtaa wa Wahindi, wenye zile nyumba za roshani za mbao, mwende hadi Boma lenye milango ya nakshi. Nyumba nyingi zimechakaa na inaniuma kila ninapopita, kwa maana utajiri wa mji huu ulikuwa wa pembe za ndovu, wa sukari na wa watu waliouzwa, na kuta hizo ndizo ushahidi uliobaki. Hapo ndipo mwaka 1888 watu walipokataa bendera ya kampuni ya Kijerumani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa papo hapo. Wajerumani walimnyonga Pangani, Desemba 15, 1889. Tafuteni mtembezaji mwenyeji, msitembee kimya, kuta pekee hazitawaambia kitu.

Saa tano pandeni pantoni mvuke Bweni. Ni dakika chache tu majini lakini mama ataikumbuka kuliko yote. Kilima cha Bweni asikipande kwa miguu, chukueni bodaboda au bajaji. Kule juu unaona mto, mji na bahari kwa mpigo mmoja.

Nahodha_Mstaafu
Nakubaliana na Bi Mwera, naongeza habari ya maji. Ukitaka mashua ya kupanda mto, uliza kwanza saa za kujaa na kupwa. Mlangoni pana mafungu ya mchanga, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, yakipwa chombo kinasubiri. Pandeni na maji yanayojaa, yanawasukuma wenyewe: mikoko kwanza, kisha minazi pande zote, ndege tele. Saa moja na nusu inatosha. Mikono ibaki ndani ya chombo, mamba wapo. Makoti ya kuokolea yawepo kabla hamjalipa, si baada.

Maziwe msiende naye. Ni fungu la mchanga baharini, halina mti, na maji yakijaa linazama. Upepo wa mchana ukikaza, kurudi ni kulowa mwili mzima.

Mkonge62
Mwalimu mstaafu wa Muheza hapa. Kabla hamjafika Pangani, simameni Tongoni, haipiti kilomita 20 kutoka Tanga. Kuna magofu ya msikiti na makaburi ya kale, mengine ya nguzo, na upande huo wa pwani ndipo Vasco da Gama alipoichoma meli yake São Rafael mwaka 1499 baada ya kukosa mabaharia wa kuiendesha. Nusu saa inatosha, ardhi ni tambarare.

Na mkivuka Bweni mwambie mama kwamba Kikogwe, kusini mwa mto, ndipo katani ilipoanzia nchini. Dakta Hindorf, Mjerumani mtaalamu wa kilimo, aliagiza vipando 1,000 kutoka Florida, vikafika vizima 62 tu mwaka 1893. Mashamba yote ya mkonge mnayoyaona njiani yana asili yake kwenye hivyo 62.

Kipepeo_TA
Nimeshindwa kwa hoja. Ila Tongoni na mashua na Bweni kwa siku moja ni nyingi kwa mtu wa miaka 68. Chagueni mawili.

BiMwera
Kweli. Mimi ningeacha mashua. Pantoni yenyewe ni mashua tosha kwa mara ya kwanza.

MjukuuWaMuheza
Nimeamua: Tongoni nusu saa, mji, pantoni, Bweni. Nimempigia mama simu, ameuliza swali moja tu: kule watu wanakula nini?

BiMwera
Mwambie samaki wa kupaka na wali wa nazi, na dafu la kushushia. Mkate wa kumimina ununue asubuhi ukifika tu, ukingoja mchana unakuta sinia tupu. Na avae ndara zinazoshika mguu, pale pantoni inapotia gati huwa pamelowa.