MREJESHO: Saladi za kwenye ndoo za maji, zile zilizokuwa zinaoza mizizi

Habari zenu wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza mbona saladi zangu ninazopanda kwenye maji bila udongo zinanyauka na mizizi imekuwa ya kahawia, inateleza na inanuka. Asanteni sana kwa kunijibu kwa uvumilivu ule. Nilianza na ushauri wa kuziba mwanga, nikafunga ndoo zote kwa plastiki nyeusi maana maji yalishakuwa kijani kwa mwani, halafu nikamwaga yote, nikasugua ndoo, nikaweka mbolea upya nusu ya kipimo na kapampu ka hewa kama kale ka tangi la samaki. pH (kipimo cha uchachu wa maji) nilikuta 7.8 nikaishusha taratibu, sasa napima kila siku 2 isitoke kati ya 5.5 na 6.5. Miche 8, imepona 5, siku naona mizizi mipya myeupe nilifurahi jamani! Mingine 3 ilikuwa imeoza mpaka shinani, ikafa. Nyanya bado zinadondosha maua, hilo sijaweza. Na uliyenishauri nisiweke samaki wa kufuga pamoja na mboga kwanza mpaka nizoee kutunza maji, nimekusikiliza, nimeahirisha. Wiki iliyopita tumechuma majani ya kwanza.