Chama chetu cha waandishi kina "Tanzania" kwenye jina, wanachama wametapakaa. Tubadili?

Katibu Kata (mleta uzi): Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni katibu wa chama kidogo cha waandishi wa hadithi na mashairi, makao Dar. Tulipokisajili wote tulikuwa Watanzania. Leo tuna wenzetu Mombasa, Bukavu, Muscat, na dada mmoja yuko Minnesota. Ada wanalipa mapema kuliko sisi wa hapa! Juzi mwenzetu wa Bukavu kapeleka mswada kwa mchapishaji pamoja na barua yetu ya utambulisho, akaulizwa: "Wewe Mkongo, chama cha Tanzania kinakutambulisha kivipi?" Sasa kuna hoja ya kubadili jina, na wazee waanzilishi wamekuja juu. Mngefanyaje?

Wino Mweusi: Si jambo geni hilo. Marekani kuna SFWA, chama cha waandishi wa hadithi za kisayansi, alichokianzisha Damon Knight mwaka 1965. Herufi ya mwisho ilisimama badala ya Amerika. Baadaye wakaingiza na fantasia kwenye jina, kifupi kikabaki kilekile. Mwaka 2022 Amerika ikaondolewa rasmi kwa sababu wanachama walikuwa wa nchi nyingi. A ikabaki, ila sasa ni ya neno lao la "chama". Kifupi chenu kinaishia na TA? Itafutieni kazi nyingine.

Bi Tungo: TA ya Tamthilia 😂 Mtapata na wanachama wapya.

Mzee wa Hesabu: Mnacheka, hamjaenda benki. Mkutano mkuu wenye akidi, katiba irekebishwe, msajili atoe cheti kipya, TRA (watu wa kodi), muhuri. Benki ndiyo itawatoa jasho: watia saini wote waitwe upya, na hela ikija kwa jina la zamani inarudi ilikotoka.

Mkongwe: Niko na wazee. Jina la nchi ndilo linalotufanya tuitwe serikalini ikijadiliwa sera ya vitabu. PEN, chama cha waandishi cha kimataifa, ilianzia London mwaka 1921, imeenea dunia nzima kwa vituo, vingi vikiwa na jina la mahali pake. Wakongo waunde tawi.

Pwani na Bara: Mkongwe, shikamoo, ila mtu mmoja Bukavu aunde tawi na nani? Katibu, jibu hili kwanza: huyo Mkongo anaweza kugombea uenyekiti? Anapiga kura, au mnanyoosha mikono ukumbini Dar yeye akisubiri matokeo WhatsApp? CHAUKIDU, Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani, wana "Duniani" tangu 2012, na makongamano yao hayakai nchi moja. Mkiandika "Kimataifa" juu ya katiba hii hii, mmebadili kibao cha mlangoni tu.

Katibu Kata: Nimeifungua katiba sasa hivi. Kifungu cha uongozi: "awe raia wa Tanzania." Kura ya mbali haimo kabisa. Basi napeleka hoja ya kifungu hicho kwanza, jina lisubiri mkutano wa mwakani. Mwenye katiba ya chama kinachopiga kura mtandaoni anitumie inbox tafadhali.

Mkongwe: Marahaba. Kwa hicho kifungu sina kinyongo.